TAA YA INJINI NA NAMBA ZA HITILAFU KATIKA PIKAPU ZA DIZELI ZILIZOTUMIKA

Maelezo kwa madereva, maofisa usafirishaji na wananchi wa Unguja na Pemba

Pikapu ya dizeli ni chombo chenye kazi nyingi visiwani. Hubeba dawa kwenda vituo vya afya, mabomba ya maji, vifaa vya skuli, magunia ya karafuu na samaki wa soko la asubuhi. Nyingi kati ya pikapu hizo huingia nchini zikiwa zimekwishatumika nje, na zile za miaka ya karibuni zimeundwa kwa kufuata sheria kali za nchi za nje juu ya moshi. Ndiyo maana dereva aliyezoea injini ya zamani, kama ile ya Toyota ya aina ya 3L isiyotegemea kompyuta, hushangaa kuona taa ya rangi ya manjano ikiwaka ilhali gari linakwenda vizuri.

Mara nyingi hasara huanzia hapo. Gari hupelekwa gereji, namba ya hitilafu husomwa, kifaa kilichotajwa na namba hununuliwa kwa bei kubwa, na baada ya siku chache taa huwaka tena. Inafaa ieleweke kwamba namba ya hitilafu humwonyesha fundi pahala pa kuanzia uchunguzi. Haimwambii kifaa gani kimekufa.

Vifaa vinavyosimamiwa

Katika pikapu za aina hii kuna vifaa vitatu vikuu vya kupunguza sumu ya moshi. Cha kwanza ni valvu ya EGR, inayorejesha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na hivyo kupunguza gesi za oksaidi za naitrojeni. Cha pili ni chujio la masizi, au DPF, lililomo ndani ya bomba la moshi. Cha tatu, ambacho hakimo katika magari yote, ni mfumo wa SCR unaopuliza maji maalumu ya AdBlue yenye urea asilimia 32.5 ili kuzivunja gesi hizo.

Kompyuta ya injini husimamia vifaa hivi kwa kutumia vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa. Kipimo kikitoka nje ya kiwango kilichowekwa, kompyuta huwasha taa na kuhifadhi namba. Herufi P huonyesha kwamba hitilafu ipo upande wa injini na mashine za kuendeshea gari. Tarakimu 0 inayofuata huonyesha namba inayotumiwa na watengenezaji wote, na 1 huonyesha namba ya mtengenezaji mwenyewe. Katika kundi la P0, tarakimu 4 baada ya hapo huhusu vifaa vya kupunguza sumu ya moshi.

Namba zinazojitokeza mara kwa mara

P0401 maana yake ni kwamba moshi unaorejeshwa na EGR ni mdogo kuliko unaotakiwa. Wengi hununua valvu mpya papo hapo. Hata hivyo, katika injini nyingi kompyuta hukadiria moshi huo kwa kuangalia hewa safi inavyopungua kwenye kipimahewa kilicho karibu na chujio la hewa. Kipimahewa kikiwa kichafu, hesabu huharibika na valvu nzima hushutumiwa bure. Kwa hivyo kipimahewa hukaguliwa kwanza, kisha mipira iliyopasuka, kisha masizi yaliyoganda ndani ya njia za hewa, na valvu yenyewe huwa ya mwisho.

P2463 na P2002 zote zinahusu chujio la masizi, lakini maana zake zinapingana. P2463 husema kwamba masizi yamejaa kupita kiasi. P2002 husema kwamba chujio halifanyi kazi ipasavyo, jambo ambalo huweza kutokana na chujio lililopasuka au lililokwishatobolewa. Anayezichanganya namba hizi mbili hulisafisha chujio lililopasuka, au hulitupa chujio zima ambalo limejaa tu.

P2452 na P2453 huhusu kihisi kinachopima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya chujio. Kihisi hicho huunganishwa na chujio kwa vijibomba vyembamba vya mpira au chuma. Kijibomba kikiziba, kikipasuka au kikiyeyuka kwa joto, kompyuta hupata habari ya uongo. Gharama ya kijibomba ni ndogo sana ikilinganishwa na ya chujio.

P20EE hutokea pale SCR inaposhindwa kupunguza gesi kwa kiwango kinachotakiwa. Miongoni mwa sababu zake ni AdBlue iliyochakaa au iliyotiwa maji ya kawaida. AdBlue huharibika kwa joto. Ikihifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za Selsiasi hudumu takriban miezi 12, na kwa nyuzi 35 hudumu takriban miezi 6. Kwa hali ya hewa ya visiwani, madumu yake yasiachwe juani. Aidha, AdBlue isitiwe kamwe katika tangi la dizeli.

Utaratibu wa ukaguzi

Inapowaka taa, hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio wake:

(a) Dereva aangalie kwanza kipimo cha joto na mgandamizo wa oili. Taa nyekundu ikiwaka, gari lisimamishwe mara moja. Taa ya manjano isiyomemeta kwa kawaida humruhusu dereva kufika gereji kwa mwendo wa upole.

(b) Namba zote zisomwe kupitia soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, na ziandikwe katika daftari la gari kabla ya kufutwa. Pamoja na namba, yaandikwe pia mwendo, mizunguko ya injini na joto vilivyohifadhiwa na kompyuta wakati hitilafu ilipotokea.

(c) Zikitokea namba nyingi kwa pamoja zisizohusiana, betri, waya wa ardhi na viunganishi vikaguliwe kabla ya jambo lolote jengine.

(d) Mipira, vijibomba na nyaya ziangaliwe kwa macho na kwa mkono.

(e) Chanzo kikishatengenezwa, namba zifutwe, gari liendeshwe, kisha lisomwe tena. Namba iliyofutwa bila ya matengenezo itarudi.

Mazingira ya visiwa

Chujio la masizi hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi katika joto la takriban nyuzi 600. Kazi hiyo huhitaji gari liende kwa mwendo usiokatika kwa muda. Pikapu inayoishia safari fupi za Mjini, kutoka ofisini hadi Darajani na kurudi, huzimwa kabla chujio halijamaliza kujisafisha. Masizi huzidi siku hadi siku. Aidha, dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kuyachoma huweza kuteremka na kuchanganyika na oili. Oili ikionekana kupanda katika kijiti cha kupimia, dereva asifurahi, bali aibadilishe.

Kwa hiyo, inafaa magari ya namna hii yapangiwe mara kwa mara safari ndefu, kama vile kutoka Mjini hadi Makunduchi au Nungwi, au kwa upande wa Pemba kutoka Mkoani hadi Konde. Chujio linapojisafisha, gari lisiegeshwe juu ya majani makavu wala karibu na makuti, kwani bomba la moshi huwa na joto la kuweza kuwasha moto.

Masizi huungua, lakini majivu yatokanayo na oili hayaungui. Itumike oili yenye majivu machache iliyotajwa katika kitabu cha gari. Vilevile chumvi ya upepo wa bahari hula viunganishi vya nyaya, hasa kwa magari yanayolala ufukweni. Kiunganishi chenye kutu ya kijani huweza kutoa namba sawa na ile ya kihisi kilichokufa.

Kabla ya kununua

Mnunuzi afungue swichi bila ya kuwasha injini. Taa ya injini inapaswa iwake, kisha izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa. Baada ya hapo gari lisomwe kwa mashine. Iwapo hakuna namba yoyote, lakini mashine inaonyesha kwamba majaribio ya kompyuta bado hayajakamilika, huenda namba zilifutwa muda mfupi uliopita au betri ilitolewa. Gari hilo liendeshwe kwa muda wa kutosha na lisomwe tena kabla ya fedha kutolewa.

Kuondoa chujio

Wapo wanaoshauri chujio litobolewe, EGR izibwe na kompyuta ibadilishwe ili taa isiwake. Taa huzimika kweli, lakini masizi yaliyokuwa yakibaki ndani ya chujio huingia katika vifua vya watu. Mwezi Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa pikapu inayosubiri mzigo penye njia nyembamba, au mbele ya skuli na kituo cha afya, hauna pa kwenda ila madirishani.

Zaidi ya hayo, kuondoa kifaa hakuondoi chanzo. Nozeli inayovuja, kipimahewa kichafu au tabo inayopitisha oili huendelea kuiharibu injini kimya kimya, na taa iliyokuwa ikitoa onyo haipo tena.

Maofisa usafirishaji wanakumbushwa kudai maandishi ya namba zilizosomwa na kipimo kilichofanywa kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kifaa chochote cha mfumo huu. Wananchi nao wanashauriwa kumwuliza fundi swali moja kabla ya kulipa: ni kitu gani kilichopimwa hata ikajulikana kwamba kifaa hiki ndicho kibovu?