Vyombo vya fedha vya mababu: Vilikuwa na kazi gani?

AGHALABU mzee anapofariki katika miji ya Pwani kama vile Lamu na Mombasa, warithi hukuta sandukuni vitu vya fedha ambavyo hakuna aliyebaki wa kueleza kazi yake. Vikuku na mitali hugawanywa. Visivyotambulika huishia kwa sonara, vikapimwa kwenye mizani na kuyeyushwa. Hasara hiyo huweza kuepukwa, kwa kuwa chombo chenyewe hubeba ushahidi wa kazi yake.

Mfano mzuri ni vitu viwili vyenye umbo la mwanzi ambavyo wengi huvichanganya, kasha la hirizi na kichupa cha wanja. Vyote viwili huning'inizwa kwa mkufu. Kasha la hirizi hukaa mlalo kifuani, hivyo vitanzi vyake vya mkufu huwa upande wa juu, na mara nyingi chini yake huning'inia njuga ndogo. Kichupa cha wanja husimama wima, na kizibo chake kimeungana na kijiti chembamba kisicho na ncha kali. Asiye na hakika apitishe pamba kavu ndani: wanja huacha unga mweusi. Weusi wa nje si ushahidi, maana fedha yoyote hubadilika rangi kutokana na salfa iliyomo hewani.

Wala wanja haukuwa wa wanawake pekee. Nchini Oman, ambayo uhusiano wake na Pwani ni wa karne nyingi, wanaume pia walibeba kichupa hicho, pamoja na kibano cha kung'olea miiba na kijiko kidogo mno cha kutolea nta ya masikio. Ole wake anayekidhania kuwa kijiko cha chumvi!

Kijaluba nacho huenda kilitiwa ugoro au chokaa ya tambuu. Mabaki meupe yaliyoganda pembeni humaliza ubishi.

Ugumu huzidi chombo kinapokuwa cha kigeni. Kisanduku cha Kiingereza cha karne ya 19, chenye kijiwavu cha fedha ndani, huweza kudhaniwa kuwa cha kukunia kungumanga. La hasha. Kikunio cha kungumanga huwa na meno makali, mara nyingi ya chuma. Kisanduku chenye wavu laini kilihifadhi sifongo iliyoloweshwa siki yenye manukato, ambayo mabibi waliinusa kujikinga na uvundo. Ndani yake kilipakwa dhahabu ili siki isiile fedha. Muhuri wa simba anayetembea huonyesha kuwa ni fedha iliyopimwa Uingereza, na nanga huashiria mji wa Birmingham. Kazi za mafundi wa Pwani kwa kawaida hazina mihuri kama hiyo, hivyo umbo na mabaki ndiyo tegemeo.

Kwa sababu hiyo, kosa kubwa ni kukisugua chombo kabla ya kukichunguza. Majivu na ndimu huondoa wanja, chokaa na hata harufu ya manukato.

Kuna pia suala la sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Mwenye shaka anaweza kuanza kwa kukilinganisha na vilivyohifadhiwa katika makavazi ya Lamu au Fort Jesus, Mombasa, kabla ya kubisha hodi kwa sonara.