Mwendo wa Eropleni kutoka Mtwara hata Dar es Salaam

Watu wa Chidya, Masasi na Newala huuliza: kutoka Mtwara hata Dar es Salaam kwa eropleni ni mwendo wa saa ngapi? Jawabu ni yapata saa moja. Lakini jawabu hilo peke yake laweza kumpoteza msafiri, nasi twapenda kulieleza.

Eropleni haifuati barabara. Huenda moja kwa moja kama ndege wa angani, na kwa njia hiyo umbali ni kama kilomita 400, hali barabara ipitayo Lindi na daraja la Rufiji yapata kilomita 560. Eropleni ya mapanga iitwayo Dash 8-400 yaweza kukata kilomita 600 na zaidi kwa saa ikiwa imekwisha kutulia juu. Basi mbona haifiki kwa dakika 40? Kwa sababu hutembea polepole chini kabla ya kuruka, hupanda, kisha hushuka, na pengine hungoja zamu yake ya kutua.

Tena saa moja hiyo si safari nzima ya mtu wa Chidya. Dar es Salaam iko upande wa kaskazini, naye hana budi kwenda kwanza mashariki. Kutoka Masasi hata Mtwara ni kama kilomita 200 za motokaa. Yampasa kufika uwanjani mapema, na akishuka huko mbele ataka motokaa nyingine ya kumfikisha mjini. Akijumlisha yote, ataona mchana karibu wote umekwisha. Na basi liondokalo Masasi alfajiri hufika Dar es Salaam siku ile ile. Kwa hiyo, kwa mtu mzima wa afya asiye na haraka, twaona faida ni ndogo kuliko nauli. Kwa akaaye Mtwara mjini hesabu ni nyingine kabisa.

Wale waliokuja na Askofu Steere mwaka 1876 walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni. Hata hivyo barabara ina adui wake: mwezi wa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata huko Kilwa, wasafiri wakakwama. Siku kama hizo mgonjwa mwenye barua ya kwenda hospitali kuu hana njia nyepesi ila ya angani.

Naye asiisome vibaya tikiti yake. Saa za tikiti ni za Kizungu, zianzazo usiku wa manane. Ikiandikwa 07:00, maana yake ni saa moja ya asubuhi, wala si saa saba ya mchana. Atakayefika saa saba atakuta eropleni imekwenda zamani, na zile kilomita 200 alizokuja amezipoteza bure. Ikiandikwa 13:00, ndiyo saa saba ya mchana; na 19:00 ni saa moja ya usiku.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa uso wa saa uliochorwa ubaoni. Mshale mdogo ukielekea 7, na wasome namba iliyoikabili ng'ambo ya pili, yaani 1. Ukielekea 10, wasome 4.