Boraksi ya Kopo au Mwali wa Kijani?

Mtazame fundi wa baiskeli anapochomea shaba. Anapasha ncha ya kijiti moto, anaichovya kwenye kopo la boraksi, dawa ya kuungia iitwayo flaksi, unga unanata, anarudi kwenye kiungo. Dakika mbili, kazi imekwisha. Kisha anashika nyundo na brashi ya waya, anaanza kubandua utando uliobaki, mgumu kama kioo. Hapo ndipo pesa yake inapopotelea, maana hakuna mteja anayelipia kusugua. Akiuacha na kupaka rangi juu yake, rangi itabanduka na baiskeli itarudi.

Flaksi ya gesi ililetwa kwa ajili ya kero hiyo. Ni majimaji ya trimethili borati, yaani asidi ya boriki iliyopikwa na methanoli. Yakiwa safi huchemka kwenye nyuzi 68 hivi tu, kwa hiyo asetilini ikipitishwa kwenye tangi lake hubeba mvuke hadi kwenye tochi. Mwali unageuka kijani, na boroni inatanda juu ya chuma utando mwembamba unaozuia ganda jeusi. Kusugua kunapungua sana.

Raha hiyo ina bei. Unanunua tangi kwanza, halafu kila mara unanunua majimaji ya kujazia. Na kopo halikuachi: mvuke hulinda panapoguswa na mwali tu. Bomba lililochomekwa ndani ya jingine, kule ndani haufiki, kwa hiyo utapaka flaksi ya kawaida vilevile.

Maneno ya muuzaji yasikutoshe. Chomea viungo kumi kwa boraksi, hesabu dakika za kusafisha, zipigie hesabu kwa ujira wa kijana wako. Karakana inayochomea fremu kutwa nzima, tangi litajilipa. Fundi wa viungo vitatu kwa wiki abaki na kopo lake, tena bila kuona haya. Vijiti vilivyopakwa flaksi tayari vinamfaa anayeitwa kazi za nje, ingawa nusu ya ile dawa hubanduka ndani ya sanduku la vifaa.

Fundi friji, wewe usinunue chochote ukiunga shaba nyekundu kwa shaba nyekundu kwa vijiti vyenye fosforasi. Fosforasi yenyewe ndiyo flaksi. Ukiunga na shaba ya manjano, flaksi inahitajika. Kwenye chuma vijiti hivyo usiviguse, kiungo kitavunjika kama biskuti.

Kwa walio Mombasa au Dar es Salaam, kuna gharama nyingine: unyevu. Trimethili borati ikikutana na maji hurudi kuwa asidi ya boriki na methanoli. Ukiacha kifuniko wazi, unga mweupe utaziba mipira na vali. Na majimaji hayo usiyahamishie kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja. Yanashika moto upesi, yanafanana na maji, na methanoli hupofusha.