BREKI ISIYOACHIA NI HATARI

Vijijini kwetu magari si mengi, lakini kazi yake ni kubwa. Gari moja kuukuu hupeleka mahindi mnadani asubuhi. Jioni hukimbiza mama mjamzito hospitali. Siku nyingine hurudisha maiti nyumbani kwa mazishi. Gari kama hilo likiwa bovu, si mwenye gari tu anayepata hasara. Sote tunaopanda tumo hatarini.

Breki isiyoshika tunaiogopa, na ni haki kuiogopa. Lakini kuna ubovu mwingine ambao watu huupuuza. Nao ni breki inayoshika na kukataa kuachia. Utamsikia dereva akisema, "Hii haina neno, mradi inashika." Sivyo hata kidogo. Breki isiyoachia leo, kesho inaweza kuwa breki isiyoshika. Tueleze ni kwa nini, na nini cha kufanya.

JINSI BREKI INAVYOFANYA KAZI

Magari madogo mengi ya zamani, kwa mfano Toyota Corolla za miaka ya 1990, yana breki za diski mbele. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Juu ya diski kumepandishwa kibano cha chuma. Mafundi hukiita kalipa. Ndani ya kalipa mna pedi mbili, moja kila upande wa diski.

Dereva akikanyaga pedali, pampu ya breki husukuma mafuta ya breki kwenye paipu. Mafuta hayo husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa. Pistoni husukuma pedi ya ndani. Hapo hapo kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake mbili na kuvuta pedi ya nje. Diski hubanwa huku na huku, na gari husimama.

Je, dereva akiinua mguu, ni nini kinachorudisha pistoni? Wengi hudhani ni springi. Katika kalipa za namna hii, kazi hiyo hufanywa na mpira wa duara unaoizunguka pistoni. Fanya jaribio hili sasa hivi. Weka kidole juu ya ngozi ya mgongo wa mkono wako. Isukume kidogo, bila kidole kuteleza. Kisha achia. Ngozi imerudi mahali pake, si ndiyo? Mpira ule hufanya vivyo hivyo. Pistoni ikitoka, mpira hujipinda. Mguu ukiinuliwa, mpira hujinyoosha na kuirudisha pistoni kidogo sana. Kidogo hicho kinatosha kuachia diski.

KWA NINI BREKI HUKATAA KUACHIA

Sababu kubwa ni nne.

Ya kwanza ni pini. Maji, tope na vumbi huingia, grisi hukauka, na pini hushika kutu. Kalipa haitelezi tena. Ukifungua utakuta pedi moja imeisha na mwenzake bado nene.

Ya pili ni pistoni. Kofia yake ya mpira ikichanika, maji huingia na kutu huanza. Pistoni hutoka kwa nguvu ya mguu wa dereva, lakini mpira hauna nguvu ya kuirudisha.

Ya tatu ni paipu ya mpira inayoingia kwenye kalipa. Kwa nje unaweza kuiona nzima kabisa. Kwa ndani imevimba au imechanika. Mafuta huingia kwa nguvu, lakini kurudi hayawezi.

Ya nne ni mafuta yasiyofaa. Watu wengine wakikosa mafuta ya breki humimina oili ya injini. Ndugu zetu, hilo ni kosa kubwa. Oili ya injini huvimbisha mipira yote ya breki, kuanzia pampu mpaka kwenye tairi. Hapo magurudumu yote yanaweza kukataa kuachia.

HATARI YAKE IKO WAPI?

Pedi ikisuguana na diski safari nzima, moto huwa mwingi. Moto huo huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za sentigredi. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya maji kwa muda mrefu, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi.

Yakichemka, hutoa mvuke ndani ya paipu. Mafuta hayabonyei, bali mvuke hubonyea. Dereva atakanyaga, na pedali itakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Sasa fikirini gari liko kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au wa Sekenke mkoani Singida, au linashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Limejaa watu. Ndiyo maana tunasema breki isiyoachia huzaa breki isiyoshika. Tena moto huo unaweza kuunguza tairi, na hata gari lenyewe.

DALILI ZAKE

Abiria na dereva, wote wanaweza kuzitambua:

1. Harufu ya kuungua karibu na tairi moja.
2. Rimu moja ina joto kuliko nyingine. Usiiguse! Sogeza mgongo wa kiganja karibu nayo, utasikia joto.
3. Gari huvuta upande mmoja.
4. Gari ni zito, na petroli inaisha upesi kuliko kawaida.
5. Kwenye mteremko mdogo, dereva ameachia breki lakini gari haliendi.

KUTAFUTA CHANZO

Ngoja breki ipoe kwanza. Egesha gari mahali tambarare. Zuia matairi ya nyuma kwa mawe makubwa, mbele na nyuma. Inua kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma au gogo imara chini ya gari. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wala usitumie tofali, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Weka gia huru na uzungushe tairi kwa mkono. Mkwaruzo mdogo ni wa kawaida. Tairi likikataa kuzunguka, legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa.

Mafuta yakiruka na tairi likaachia, ujue kulikuwa na mafuta yaliyokwama. Chanzo kinaweza kuwa paipu ya mpira au pampu ya breki. Kama ni tairi moja tu, shuku paipu kwanza. Kama ni matairi yote mawili ya mbele, shuku pampu.

Umelegeza skrubu na tairi bado limeshika? Basi ubovu uko kwenye pini au pistoni.

KUTENGENEZA

Kazi hii ni ya fundi, au ya mtu aliyefundishwa na fundi. Lakini mwenye gari akiielewa, hatadanganywa.

Kalipa ikifunguliwa, isining'inie kwenye paipu yake. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Usipulize vumbi la pedi kwa mdomo. Pedi nyingine za zamani zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kama ni pini, zitoe, zisafishe kutu mpaka ziteleze, kisha uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Pini iliyoliwa na kutu sana itupwe.

Kama ni pistoni, weka kipande cha mbao ndani ya kalipa, kisha mwenzako akanyage pedali polepole mpaka pistoni itoke. Vidole viwe mbali! Itazame pistoni vizuri. Ikiwa na vishimo vya kutu, nunua mpya. Usiikwangue kwa msasa mkali. Weka mpira mpya na kofia mpya. Vipake mafuta safi ya breki, kisha uirudishe pistoni kwa mkono, ikiwa imenyooka.

Kama ni paipu ya mpira, dawa yake ni kununua mpya. Kama oili ya injini iliingia, mipira yote ibadilishwe na paipu za chuma zisafishwe. Hapo hakuna njia ya mkato.

Pedi zikibadilishwa, zibadilishwe za matairi yote mawili ya mbele.

Mwisho ni kutoa upepo. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja husema, "Kanyaga!" Mwenzake hukanyaga na kujibu, "Nimeshika!" Wa kwanza hulegeza skrubu, mafuta na upepo vikatoka, kisha huikaza. Ndipo husema, "Achia!" Rudieni hivyo mpaka mapovu yaishe. Tangi la mafuta ya breki lisiachwe kukauka wakati huo.

Hapa kusoma kwetu kuna faida kubwa. Kifuniko cha tangi la breki huwa na maandishi, kama DOT 3 au DOT 4. Kisome. Kisha soma chupa dukani. Nunua iliyofungwa, si iliyokaa wazi rafuni. Na mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2.

MAMBO YA KUKATAA

Fundi mwingine atakuambia, "Tuzibe paipu ya tairi hili, utafika tu." Mkatalie. Tairi lililozibwa halina breki tena. Ukikanyaga kwa ghafla, gari litavutwa upande mmoja, na kwenye barabara ya tope litageuka.

Usimwagie maji diski yenye moto. Chuma chenye moto kikipata maji baridi huweza kupinda au kupasuka.

Wala usilegeze skrubu ya upepo njiani ukaendelea na safari kama kawaida. Ukikanyaga tena, breki itashika tena.

Kabla ya kupakia watu, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Jaribu gari polepole mahali tambarare. Simama, kisha pima joto la rimu zote. Zikilingana, kulia na kushoto, kazi imekwisha.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pini iliyokauka hudai grisi kidogo tu. Ukiiacha, itadai pedi, diski na tairi. Ukizidi kuiacha, itadai roho za watu. Ukiwa abiria na ukasikia harufu ya kuungua, usione haya. Mwambie dereva asimame.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nini kinachorudisha pistoni ya kalipa baada ya dereva kuinua mguu?
2. Kwa nini oili ya injini haifai kwenye breki?
3. Breki isiyoachia inawezaje kugeuka kuwa breki isiyoshika?
4. Gari linalotuhudumia kijijini lilibadilishwa mafuta ya breki lini? Nani wa kumwuliza?