Kazi ya kuchunga setilaiti

Wandugu wahitimu, hapa kwetu Luberizi tukiona dishi juu ya nyumba, tunafikiri kazi imeishia kwa fundi aliyelifunga. Hapana! Kuna mwingine anayekesha.

Setilaiti ya mawasiliano inakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 toka ardhini, ikizunguka sawasawa na dunia. Ndiyo maana dishi haligeuzwi-geuzwi. Lakini mwezi na jua vinaivuta, inahama polepole. Mwongozaji, akiwa zamu mbele ya kompyuta, anaangalia joto, umeme na mafuta yake, kisha anatuma amri ya kuirudisha mahali pake. Kila amri inakula mafuta. Akiyachezea, anakula miaka ya setilaiti yenyewe.

Sisi Waafrika somo hilo tulilipata. RASCOM-QAF1 ilirushwa Desemba 2007, ikavuja heliamu, gesi inayosukuma mafuta. Waongozaji walipambana, wakaifikisha kituoni. Lakini miaka 15 iliyotegemewa ikabaki kama 2 tu. Mwaka 2010 ikarushwa nyingine.

Basi wewe uliyesoma fizikia ao elektroniki, usikae kungoja. Anzia kwa lile dishi la jirani: jifunze kulielekeza na kupima nguvu ya mawimbi. Hesabu ni zilezile.