Tusome Kitabu Gani?



Ndugu zetu wasomaji, mama zetu na mabinti zetu, baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake, rehema na amani zimfikie, leo twapenda kulijibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na kina mama wa mitaa mbalimbali. Swali lenyewe ni hili: “Sheikhe, tumekubaliana tuwe tukikutana kusoma, tusome kitabu gani?” Ni swali fupi, lakini jawabu lake tulilikosea mara mbili kabla ya kulipata. Twaona ni amana kuyaeleza makosa hayo, huenda yakamfaa mwengine.

Kosa la kwanza lilikuwa hili. Kina mama wa mtaa wetu, wapatao kumi na wawili, walianzisha baraza la kusoma, kila Jumamosi baada ya Alasiri, katika ukumbi wa nyumba ya mmoja wao. Wakatuomba tuwachagulie vitabu. Tulifurahi, tukashika kalamu, tukaandika majina ya vitabu sita. Vyote vilikuwa vya tafsiri, fiqhi na sira, vitabu tulivyosomeshwa na masheikh zetu na ambavyo twavipenda hadi leo. Hakuna hata kimoja chenye ubaya. Wiki ya kwanza walihudhuria wote. Wiki ya pili wakaja wanane. Wiki ya nne mwenye nyumba alitandika mkeka kwa watu watatu, na birika la kahawa likarudi jikoni likiwa zito.

Tulipouliza kulikoni, aliyetujibu ni mama mmoja wa makamo, mshoni wa nguo, mtu wa maneno machache. Akasema: “Sheikhe, utuwie radhi. Vitabu ulivyotupa ni vizuri, lakini ni vya kusikiliza. Mmoja husoma, sisi wengine twaitikia. Darsa tunayo kila Jumatano, na twaipenda. Hapa tulitaka kuzungumza.”

Maneno yale yalitufikirisha. Darsa ina mwenyewe, naye ni mwalimu. Na adabu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu ni kunyamaza na kuelewa kwanza. Mlango wa twahara haujadiliwi na asiyekuwa na zana za kuujadili. Mazungumzo ni jambo jengine. Yataka kitabu ambacho ndani yake watu wanapimwa kwa matendo yao, furaha yao na misiba yao, ili mama wa miaka sitini na bibi harusi wa miaka ishirini kila mmoja awe na ushahidi wake wa kutoa. Sisi tuliwachagulia vitabu kwa kutazama yale tuliyotaka wayajue. Hatukutazama yale waliyotaka kuambiana.

Basi wakachagua wenyewe. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa kile ambacho wengi wetu tumekisikia tangu utotoni, Utendi wa Mwana Kupona. Msomaji atakumbuka kwamba utendi huu ulitungwa yapata mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Beti zake zapita mia moja kwa kidogo tu; waweza kusomwa wote kwa kikao kimoja na bado ukabaki wasaa wa kahawa.

Yaliyotokea twayaeleza kwa kupokea kutoka kwa watu wa nyumbani kwetu, ambao ni miongoni mwa wanabaraza, na kwa idhini ya wenyewe. Katika baraza lile yumo nyanya mmoja ambaye hakuwahi kuingia skuli na hasomi hati za Kizungu. Hakuwa akisema neno. Utendi uliposomwa, ikabainika kwamba anaujua kwa moyo, kwa kuwa mamake alikuwa akiusoma kwa hati za Kiarabu naye akimsikiliza. Mabinti walikwama katika maneno ya Kiamu. Nyanya akawafasiria moja baada ya moja. Siku ile aliyekuwa wa mwisho mkekani alikuwa mwalimu.

Wakafika pale mtunzi anapotaja radhi tano ambazo mja hana budi nazo, radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Mke mmoja kijana akauliza: “Na mume asiyeleta hata unga nyumbani, radhi yake yatafutwaje?” Ukumbi ukawa kimya. Kisha mmoja akasema mtunzi alikuwa mwana wa watu wakubwa, hakupata kuiona nyumba isiyo na unga. Mwengine akasema haandiki sheria, anamuusia mwanawe wa kumzaa. Wa tatu akasema mume wa Mwana Kupona alikwisha kufa, na mtu humsifu zaidi aliyemkosa. Mwisho nyanya akasema: “Miaka yote hii nilidhani utendi huu ni wa kumfundisha mke. Leo naona ni wa mama anayeogopa kufa akamwacha mtoto.”

Jumamosi iliyofuata walikuja wote kumi na wawili. Na lile swali la unga lililetwa kwetu katika darsa ya Jumatano, tukalieleza kama wanazuoni walivyolieleza: kumlisha mke ni wajibu juu ya mume, na mke ana haki ya kuidai haki hiyo. Hapo tukatambua kwamba mazungumzo hayaiondoi darsa mahali pake. Huiletea maswali ambayo huenda yasingeulizwa kamwe.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mabinti walipendekeza riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Usiku mmoja baada ya Isha, mume wa mmoja wa wanabaraza alitujia akiwa amekasirika. Amesikia kwamba katika riwaya hiyo mna zinaa na uchafu wa mjini; yafaaje kusomwa na wake za watu? Nasi, bila hata kulifunua jalada, tukawapelekea kina mama ujumbe kwamba kitabu hicho wakiache.

Jawabu lilirudi asubuhi, kutoka kwa yule mshoni wa nguo, nalo lilikuwa swali: “Sheikhe amekisoma?”

Hatukuwa tumekisoma. Sisi ambao kila mwaka twafundisha kwamba kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja, tulihukumu kwa kusikia upande mmoja. Tukakiazima, tukakisoma kwa masiku matatu. Tulikuta kurasa ambazo hatungependa zisomwe na vijana wadogo wa chuoni, na hilo hatulifichi. Lakini tulikuta pia nyumba ya Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimiwa nje, ambaye ndani amemfungia mkewe na binti yake Maimuna kwa jina la heshima, hali yeye mwenyewe hajiwekei mpaka wowote. Binti anatoroka, na dunia inampokea kama inavyompokea asiyefunzwa kuijua. Nyumba ile, ndugu wasomaji, tumewahi kuiingia. Tumeitwa humo kusuluhisha, zaidi ya mara moja, na mara nyingi tumefika tukiwa tumechelewa.

Tukawatumia ujumbe wa pili, na wa kuomba radhi: watu wazima wasome, vijana wadogo watafutiwe kingine. Yule mume naye tulimwendea, tukamweleza tuliyoyakuta, na tukamwachia kitabu. Kuna watakaouliza, je, si haya kuyazungumza mambo kama hayo? Haya ni katika imani, hatubishani. Lakini Bi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Kipimo tunachokitumia sasa ni hiki: je, kitabu chalieleza ovu ili litamanike, au ili gharama yake ionekane? Kitabu cha namna ya kwanza hakina nafasi mkekani. Cha namna ya pili huenda kikaokoa nyumba.

Kina mama waliweka swali moja tu: ni nani aliyempoteza Maimuna? Mmoja akasema baba. Mwengine akasema mama, kwa kunyamaza kwake. Mwengine akasema wale waliomsaidia kutoka wasimwonyeshe pa kwenda. Mwengine akasema Maimuna ana akili zake na ana hesabu yake mbele ya Mola wake. Alipofikiwa mama mmoja ambaye kwa miezi miwili alikuwa akija na kuondoka bila kusema, akatamka: “Mimi nawafikiria majirani. Nyumba kama ile haikosi jirani anayesikia na kushusha pazia. Mimi ndiye jirani huyo.” Hakueleza zaidi, wala hakuulizwa. Siku chache baadaye alipanda ngazi za nyumba ya pili yake akiwa na sahani ya mahamri, akabisha hodi, na mlango ukafunguliwa. Yaliyosemwa ndani si yetu kuyaandika. Twaandika tu kwamba alibisha.

Kutokana na hayo, twawausia wenye mabaraza mambo matano.

La kwanza, anayependekeza kitabu awe amekisoma hadi mwisho. Kitabu hakisifiwi wala hakishutumiwi kwa kusikia. Sisi tumelilipia somo hilo.

La pili, awe na swali moja ambalo watu wawili wema waweza kutofautiana juu yake. Kitabu ambacho sote twakiafiki kabla ya kukifungua ni kizuri kwa kusoma peke yako, lakini hakitazungumzisha mtu.

La tatu, kitabu kipatikane. Vitabu vingi vizuri vya zamani havipo tena madukani, na vilivyopo vina bei. Watu wawili wanunue nakala moja, wapokezane. Ikiwa nakala ni moja tu, basi asome mmoja kwa sauti na wengine wasikilize, kisha ndipo wazungumze. Hilo si aibu. Ndivyo tendi zilivyosomwa majumbani mwetu kabla ya taa za umeme. Na asiyejua kusoma apate nafasi yake kwa njia hiyo hiyo.

La nne, kitabu kipimwe na nafasi ya mama mwenye nyumba, anayepika, anayelea na anayefanya kazi. Kirefu kigawanywe vikao viwili au vitatu. Wala kisianzwe kitabu kirefu mwishoni mwa Shaabani, kwani Ramadhani ina Kitabu chake.

La tano, kichaguliwe kwa shura, wala si na sheikh. Sura ya 42 ya Qurani imepewa jina hilo la mashauriano. Na siku ya Hudaybiya, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, Mtume, rehema na amani zimfikie, aliifuata rai ya mkewe Bi Ummu Salama, na mambo yakatengenea. Kila mwanabaraza apate zamu ya kupendekeza, na aliyekosa mwezi huu atangulizwe mwezi ujao.

Kwa wanaotaka pa kuanzia, baada ya Mwana Kupona twapendekeza vitatu. Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mkusanyo wa makala aliyoyaandika katika gazeti lake Sahifa, hapa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Makala ni mafupi, yasomwa mkekani papo hapo, na mabinti watashangaa kuona ni mangapi aliyoyalalamikia ambayo bado twayalalamikia. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, maisha ya mwanamke maskini wa Unguja aliyepata jina kwa sauti yake. Watakaotofautiana juu ya uimbaji watofautiane, lakini wasome kwanza alikotoka. Na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, riwaya aliyoiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 na ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Ni ya kijana Yusuf, aliyetolewa rehani kwa deni la babake. Ni ndefu, igawanywe; na kabla ya kuianza isomwe Surat Yusuf pamoja na tafsiri yake, kisha waulizane kijana huyu na Nabii yule wamefanana wapi, na wameachana wapi.

Ama sisi, siku hizi hatuchagui kitabu tena. Kila Jumatano twaletewa karatasi ndogo yenye maswali yaliyozaliwa Jumamosi. Wiki iliyopita yalikuwa manne. Matatu tuliyajibu siku ile ile. La nne bado twalitafutia jawabu katika vitabu vyetu, na tumewaambia hivyo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape kina mama zetu ilimu yenye manufaa, azitie baraka nyumba zetu, na atujaalie tuwe majirani wanaobisha hodi. Amin.

Wabillahi tawfiq.