Mpira wa Miguu na Sheria ya Kuotea

Wakulima wengi wanaupenda mpira wa miguu, na jioni vijana wakisharudi mashambani hawakosi mpira, hata ukiwa wa matambara na kamba. Lakini kuupenda mchezo si kuzijua sheria zake, na kwa kutozijua watu huondoka uwanjani wamekosana. Basi mwezi huu tutaeleza jinsi mpira unavyochezwa, na hasa jambo linaloleta ugomvi kuliko yote, nalo ni kuotea.

Kwanza uwanja. Urefu wake ni mita 90 hadi 120, na upana mita 45 hadi 90, ila urefu lazima uzidi upana. Milingoti ya goli huachana mita 7.32, na mti wa juu huwa mita 2.44 kutoka chini. Hapa Golbanti msichague mahali kwa kutazama usawa wa ardhi tu. Ardhi iliyo sawa karibu na mto mara nyingi ni shamba la mtu, au ni malka, yaani njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Uwanja ukiziba malka, mfugaji atapitisha mifugo yake katikati ya mchezo, naye atakuwa na haki. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu mia moja walikufa katika delta hii kwa mapigano ya wakulima na wafugaji, na malisho na maji yalikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo waiteni wazee wa pande zote mbili kabla ya kusimamisha milingoti. Tena udongo wetu mweusi ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kuvunja mguu wa mtu. Zifukieni kabla ya siku ya mchezo.

Kila upande una wachezaji 11, na mmoja wao ni golikipa. Yeye peke yake anaruhusiwa kudaka mpira kwa mikono, tena ndani ya eneo lake tu, ambalo huingia uwanjani mita 16.5. Mchezo ni dakika 90, nusu mbili za dakika 45.

Sasa kuotea. Mchezaji huwa mahali pa kuotea akiwa katika nusu ya wapinzani, ameutangulia mpira, na kati yake na mstari wa goli amebaki mpinzani mmoja tu, au hakuna. Kwa kawaida huyo mmoja ni golikipa, lakini si lazima awe yeye. Refa hutazama alipokuwa wakati mwenzake anapiga mpira, si wakati yeye anapoupokea. Hapa ndipo watazamaji wengi hukosea. Kusimama pale si kosa, mpaka aingilie mchezo. Wala hakuna kuotea kwa mpira wa kurushwa, wa kona, au wa kupigwa kutoka golini.

Sheria hii imebadilika. Kanuni za kwanza za chama cha mpira cha Uingereza ziliandikwa London mwaka 1863, kwa sababu kila shule ilikuwa na sheria zake. Hadi 1925 walitakiwa wapinzani watatu, kisha wakawa wawili. Na hadi 1990, mchezaji aliyekuwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho alihesabiwa ameotea; tangu mwaka huo hakuotea. Basi mzee aliyecheza zamani na kijana wa leo wanaweza kubishana, kila mmoja akisema alivyofundishwa. Sheria inayofuatwa ni ya leo.

Timu za vijiji viwili zikikutana, refa na atoke kijiji cha tatu. Apewe kipenga, saa, na kadi za manjano na nyekundu, zilizoanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Saa inayohesabiwa ni ya refa, si ya mtazamaji mwenye simu.